Mbweu Iliyosikika Mjambere Nzima

Haya, nichekeni mapema tuyamalize: mimi ndiye yule baba wa Mjambere aliyemuoza bintiye kwa mbweu, na ambaye hakuisikia msikitini aliisikia kwenye spika.

Tumbo langu hujaa gesi upesi. Tangu mamake afariki, binti yangu Rukia ndiye aliyenichunga: baba kaa chini, baba tafuna, baba usiongee na tonge mdomoni, soda waachie wageni, ukishakula tembea kidogo mpaka dukani. Nami nikatii, tumbo likatulia, hata kanzu ya ujana wangu ikanitosha tena (msibishe).

Asubuhi ya nikaha yake akatandika mkeka, akaweka mahamri na mbaazi za nazi, sahani mbili. "Baba, njoo tule. Kesho mwenzio niko kwa mume wangu Kiembeni." Nikamwambia kula na shangazi zako, mie nina shughuli na watu wa turubai. Uongo mtupu, turubai lilikwisha fungwa tangu jana! Nikabeba mahamri manne na bakuli langu, nikajificha nyuma ya nyumba, nikala wima, mbiombio, huku namfokea fundi wa spika kwa simu, na mbaazi ziliponikwama nikazisukuma kwa soda baridi, chupa nzima.

Baada ya adhuhuri nikakaa msikitini goti kwa goti na bwana harusi, Twalib, kijana mpole, mkono wake mkononi mwangu, tumbo limevimba, kanzu imebana. Sheikh aliniuliza kama aseme yeye kwa niaba yangu, lakini nilimuahidi Rukia kwamba kauli ya kumuoza itatoka kinywani mwangu mwenyewe, naye alikuwa nyumbani na wanawake, akingoja kuisikia kwenye spika. Nikaanza, "Twalib, nimekuoza binti yangu Ru..." na hapo ikatoka mbweu, ndefu, ya mbaazi. Nikaanza upya, ikatoka ya pili. Wazee wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika, nami nikaona aibu mpaka nikataka kumuachia sheikh maikrofoni.

Twalib hakucheka. Akanibana mkono, akaninong'oneza, "Polepole, baba. Mimi sina haraka."

Mara ya tatu nikamuoza mwanangu, kauli nzima.

Niliporudi nyumbani mashangazi walikuwa hoi kwa kicheko. Rukia, na hina yake mikononi, akanitazama tumbo.

"Baba, umekula wima."

"Nimekula wima, mwanangu."

"Na soda?"

"Na soda."

Akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, akaniegemea kifuani, na nikajua kwamba hakuwa anacheka tu.

Siku hizi nakula nimekaa, natafuna taratibu, mbaazi kidogo, na jioni natembea mpaka barabarani nikarudi. Soda sigusi tena, wallahi. Rukia akinipigia simu nami nina tonge mdomoni, nalimeza kwanza ndipo nipokee. Lakini nyinyi ni rafiki zangu, niwaambie ukweli: siku ile nilikimbia kula na mwanangu kwa sababu nilijua nikikaa naye nitalia. Afadhali ningekaa, nikalia. Machozi hayajazi mtu gesi.