Mjakaranda wa Mama

Mama alikata waridi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha tangu nikiwa mdogo, tukiishi chumba kimoja cha kupanga pale Karagita. Alipoacha kazi alihamia kipande chetu cha ardhi upande wa Gilgil, mahali pakavu, penye vumbi na upepo usiochoka. Kitu cha kwanza alichopanda mbele ya nyumba kilikuwa mche wa jakaranda.

"Si ungepanda parachichi, mama? Angalau tule."

"Nimekata maua ya watu miaka yote," akanijibu. "Sasa nataka yangu, na sitayakata."

Alichimba shimo pana, akachanganya udongo na samadi, akatandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Maji aliupa mara moja tu kwa wiki, ndoo nzima, polepole. Nilipolalamika kwamba mti utakufa kiu, alisema, "Ukiunywesha kidogo kidogo kila siku, mizizi itakaa juu ikingoja. Wacha ishuke itafute."

Mbuzi wa jirani wakaula ncha. Mama hakugombana na mtu. Aliuzungushia matawi ya miiba. Machipukizi mawili yalipotokea, alibakisha lililonyooka, lile lingine akalikata.

Miaka ikapita, mti ukanipita urefu, kisha mvua ikakosekana msimu baada ya msimu. Siku moja nilifika kutoka Nakuru nikaukuta hauna hata jani.

"Mama, huu umeenda."

Akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani kibichi.

"Umelala tu," akasema, akaingia jikoni kunipikia chai. Mimi nilibaki pale nje nikiutazama, na kwa kweli ilikuwa kama namtazama yeye.

Ulichanua kabla mvua hazijarudi. Mama alinipigia simu: "Njoo, na usikawie." Nilikuta zambarau tupu kuanzia chini hadi juu. Wenzake wa zamani walikuwa wamekuja kutoka Karagita, wameketi chini yake na vikombe, maua yakiwaangukia mapajani bila mtu kuyapangusa.

"Hapa hakuna msimamizi wa kutupimia urefu wa shina la waridi," mmoja alisema, wakacheka hadi wakafuta machozi.

Mwaka huu tawi moja limeanza kuegemea paa. Mama amekataa kuita fundi. Alipanda ngazi mwenyewe, msumeno mkononi, na leso kichwani.

"Shika ngazi vizuri," akaniamuru, "na usitazame juu, unga wa mbao utakuingia machoni."

Nilitazama juu.