Maji Niliyomnywesha Dada Gitega

Mtakaosoma, mnivumilie. Niliishia darasa la saba, herufi zangu zinalala upande, na huenda nimekosea maneno bila kujua. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini jambo hili nimeamua kuliandika, kwa sababu kulisimulia mbele za watu siwezi.

Ninaishi Muyinga kwa dada yangu na mume wake. Tulikulia Tanzania, kisha tukarudi kwetu huku ng'ambo ya mpaka. Yeye akaolewa katika ukoo wa mafundi wa kushona, nami nikapewa kazi ya vifungo na pindo. Dada ana miaka ishirini na minane. Mimba tatu zimemtoka, zote kabla ya miezi mitatu. Baada ya ile ya tatu, mama mkwe wake alisema barazani, kila mtu akisikia, "Idi Kubwa ikipita, mwanangu ataoa mwingine. Mi nataka mjukuu." Shemeji alikuwa pale pale kwenye cherehani. Akaendelea kushona.

Ndipo mimi na dada tukaenda Gitega kwa muganga wa wanawake, daktari wa hospitali. Tulikuwa tumeambiwa dada anywe maji mengi asubuhi, kibofu kijae, ili mashine ya ekografi, ile inayopiga picha za ndani ya tumbo, ionyeshe kizazi vizuri. Nesi alimuuliza kama amekunywa. Dada akaitikia kwa kichwa, akalala kitandani. Nesi akapitisha kile chombo tumboni, akakunja uso.

"Kikavu kabisa! Mama, umetoka jangwani?"

Dada akageukia ukutani.

"Basi mrudi mwezi ujao. Watu ni wengi."

Mwezi ujao Idi ingekuwa imepita. Na mimi nilijua kwa nini kibofu ni kikavu, maana alfajiri nilimwona akila daku. Mimba ya tatu ilitoka mwezi wa Ramadhani, damu ikamharibia siku kumi na moja za funga. Alikuwa akizilipa moja moja, na alikuwa ameweka nadhiri asikatize hata moja. "Mungu hatanipa mtoto na siku zake ziko shingoni mwangu," aliniambia. Nilinyamaza, kama kawaida yangu. Hapo nilikosea.

"Amefunga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Amefunga, analipa siku. Lakini tumetoka Muyinga, ni msafiri, tena ni mgonjwa. Atafungua. Mtupe saa moja tu."

Nesi alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Hee, kumbe na huyu anasema! Nendeni mkanywe. Saa moja, si zaidi."

Nje, kwenye bomba, dada alinigeuzia mgongo. "We mdogo wangu, unanivunjia funga mbele ya watu?"

"Siku hii utailipa wiki ijayo, dada. Kipimo hiki wiki ijayo hatukipati."

Nikamshikia chupa. Alikunywa lita nzima huku analia, mpaka akaanza kucheka kwa jinsi tumbo lilivyokuwa linapiga kelele.

Safari hii mashine ilionyesha. Muganga alitueleza polepole. "Ndani ya kizazi iko ngozi laini. Kila mwezi inajengwa. Mimba isipokuja, inatoka na damu, inajengwa tena. Yako ni nyembamba." Mimi niliielewa kama bitana ya koti. Akasema ngozi ile imejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na seli nazo huzeeka. Iliyozeeka haigawanyiki tena, na haifi. Inakaa tu, inasumbua zilizo karibu nayo. Mwili una askari wake wa kuziondoa. Zikiwa chache hazina neno. Zikizidi, mimba inaweza kukosa mahali pa kushika, au ikashika kisha ikatoka.

"Kwa hiyo mi ni bibi kizee?" dada akauliza.

"Na sura hiyo?" Muganga akacheka. "Hapana. Ngozi ya ndani inaweza kuchoka hata kwa kijana. Wala sisemi ndiyo shida yako. Mashine yangu haioni umri wa seli, na dawa ya kuziondoa hizo wataalamu bado wanaitafuta. Mimi nitatibu ninachokiona. Tutapima homoni na maambukizi. Na mume aje, naye apimwe."

Tuliporudi Muyinga, mama mkwe alikuwa anatungoja mlangoni. "Haya, wamesema nini? Kizazi kimeoza?"

Dada akainama. Mimi nikaweka mfuko chini.

"Hakijaoza, mama. Atatibiwa. Na muganga anamtaka shemeji pia."

"We! Mwanangu ana shida gani? Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Nilieleza yote, tangu zile seli mpaka siku ya kurudi. Nilipomaliza, cherehani ilikuwa imesimama.

"Nitaenda," shemeji akasema. "Na habari ya mke mwingine, mama, tuiache."

Idi imepita, hajaoa. Wamekwenda Gitega mara mbili, wote wawili. Dada anameza dawa zake. Mimba bado haijaja. Tutaendelea kwenda.

Nyinyi mnaosoma, kama mimba zimewatoka na mkaitwa mmeoza, au kama muganga aliwaambia jambo ambalo sisi hatujaambiwa, niandikieni, hata mstari mmoja. Nitamsomea dada, kisha nitamjibu kila mmoja.