Mama Filimbi na fundi rangi aliyedhaniwa mwizi

Saa tatu asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa koti la kijani la manispaa anagonga mlango wa bati katika uchochoro ambao watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Anayefungua ni mpangaji mpya, povu la dawa ya meno bado li mdomoni. Mwanamke huyo anamsalimu, anamuuliza kazi yake na saa za kurudi, kisha anamshika mkono na kumpeleka nyumba ya pili.

"Jirani yako huyu," anamwambia mwenye nyumba hiyo. "Mtazame vizuri usoni. Kesho usije ukaniambia humjui."

Mtaa mzima unamwita Mama Filimbi. Ni ofisa wa usalama wa jamii: hukagua taa za vichochoro na makomeo ya milango, huwatembelea walioibiwa, na husuluhisha ugomvi kabla haujafika kwenye visu. Posho yake huisha kabla ya mwezi. Mumewe, fundi baiskeli, hutania kwamba ameoa polisi asiye na mshahara wa polisi.

Zamani alikuwa mshonaji. Mumewe akiwa safarini, wezi walivunja mlango wakabeba cherehani yake. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kulipokucha, majirani wakaja kumpa pole, na kila mmoja akamweleza jinsi alivyozisikia zile kelele.

"Cherehani haikuniuma," anasema. "Kilichoniuma ni kwamba walisikia wote."

Ndipo akaanza kugawa filimbi nyumba kwa nyumba. Sharti lilikuwa moja: ikilia, wote mtoke. Wizi ukapungua, na manispaa ikamwajiri aendeleze kazi hiyo.

Kisha ikaja Jumamosi moja mwaka jana. Ilikuwa mchana, naye alikuwa akinywa chai kwa rafiki yake, filimbi ikalia nyuma ya nyumba ya seremala mmoja. Milango ikafunguka kila upande. Anakiri kwamba moyo wake ulifurahi. Alijiambia kuwa wanafunzi wake wameelewa somo.

Alipokata kona, furaha ikamwisha. Kijana mmoja alikuwa chini, shati limechanika, damu ikimtoka kichwani. Waliomzunguka walishika fimbo na vyuma. Muuza nyama wa mtaa, mtu mpole asiyejulikana kwa ugomvi, alikuwa amenyanyua jiwe kwa mikono miwili.

Mama aliwasihi waache, sauti yake ikamezwa. Akapuliza filimbi yake mwenyewe. Watu wakazidi kumiminika.

Hapo, anasema, ndipo alipoelewa alichokijenga. Akaitupa filimbi, akapenya katikati ya miguu yao, akalala juu ya yule kijana. Fimbo iliyokuwa tayari hewani ilimshukia mkononi, na waliokuwa karibu wakasikia mfupa ukivunjika.

Kisha wakaliona koti la kijani. Fimbo zikateremshwa.

Hakuinuka. Akiwa bado amemkumbatia mtu asiyemjua, aliuliza taratibu, "Nani amemwona huyu akiiba?"

Mwanamke aliyepuliza filimbi akasema yeye aliona tu mtu akiingia dirishani. Chini ya Mama, sauti ndogo ikasema, "Ni chumba changu. Ufunguo umebaki ndani."

Kilikuwa chumba chake kweli. Mwenye nyumba aliporudi kutoka sokoni alithibitisha: huyo ni fundi rangi, amehamia juzi, bado hajajulikana na mtu. Muuza nyama aliliweka jiwe chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Yeye ndiye aliyeusukuma mkokoteni uliowapeleka wote wawili zahanati.

Mkono wa Mama haunyooki tena. Nilipomuuliza alipata wapi ujasiri ule, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Filimbi niliwapa mimi. Ningemwachia nani?"

Alipopona alipita kila nyumba akazikusanya filimbi zote. Hakumrudishia mtu yake mpaka awataje majirani wa uchochoro wake, mmoja mmoja, wapangaji nao wakiwemo.

Fundi rangi hajahama. Nilimkuta akipaka ukuta wa bucha la yule muuza nyama, nikamuuliza anawezaje kuishi hapa. Alifuta brashi yake kwanza.

"Dada yangu, nihamie wapi? Duniani namjua mtu mmoja tu aliyevunjwa mkono kwa ajili yangu, na anakaa mtaa huu."

Sasa wakazi wa ng'ambo ya reli, ambako wizi umewachosha, wamemwomba Mama akawasaidie. Wameshanunua katoni nzima ya filimbi. Amekubali kwenda, ila katoni amewaambia waifungie kabatini.

"Watasema nina roho mbaya. Waseme," anasema, akielekea mlango unaofuata. "Nitaanza kwa kuwapeleka wakasalimiane."