Chelangat Alipohesabu Radi

Nakumbuka siku moja kwa sikio langu la kushoto, mwanangu, kwa sababu siku hiyo iliondoka nalo. Ukiniita kutoka upande huo sisikii. Kwa hivyo kaa hapa kulia, na usinikatize maneno.

Nilitolewa shule darasa la tatu. Aliyenitoa ni baba mdogo, Kirui, aliyetusimamia baada ya baba kufariki. Namtaja kwa sababu watu hupenda kusema maisha ndiyo yalinitoa shule. Maisha hayana mikono. Kirui alikuwa nayo. Nikaenda kuchuma majani chai pamoja na mama, na mdogo wangu Chelangat akabaki akisoma mpaka darasa la tano. Likizo hiyo Kirui akaamua: "Huyu naye ameshajua kuandika jina lake. Shule zikifunguliwa, abaki kwa majani." Mama hakusema kitu. Alikuwa amenyamaza hivyo tangu matanga ya baba.

Basi Jumamosi hiyo Chelangat alikuwa nasi shambani, akichuma huku akisema masomo yake kwa sauti, kama mtu anayeogopa yatamtoka. Mara mito ya Kenya, mara hesabu za sehemu, mara moyo na vyumba vyake. Rafiki yangu Akinyi, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa, alikuwa anamchokoza.

"Ticha, hebu sema, moyo wa nyapara una vyumba vingapi?"

"Vinne, kama wa kila mtu."

"Na vyote vimefungwa!"

Tulicheka, lakini mawingu yalikuwa yameshatufikia. Umeme ukamulika. Chelangat akaanza kuhesabu mpaka ngurumo ikalia: alifika kumi. Umeme mwingine, akafika sita. Akaacha kuchuma.

"Inakuja kwetu," akasema. "Tulisoma kwa sayansi. Tusikae chini ya mti. Tuchuchumae hapa katikati ya majani, miguu pamoja."

Nyapara wetu aliitwa Sigei. Alikuwa amekaa ndani ya trekta, amefunga mlango. Hakutaka tutawanyike, kwa sababu mvua ikiisha alitaka turudi kazini mara moja. Akafungua dirisha kidogo. "Wote chini ya mti wa blugamu! Na wewe kaprofesa, nyamaza! Atakayebaki nje asirudi kazini!"

Watu wakaenda. Mimi pia nilikuwa naenda, maana tangu nitolewe shule nilikuwa nimefundishwa somo moja tu, kutii. Akinyi alijifunika sweta kichwani. "Acha mtoto ahesabu," akaniambia. "Hii nguo ikilowa, kesho kanisani nitavaa gunia?" Akatangulia mbio.

Chelangat alishika aproni yangu kwa mikono miwili, akajitupa kwenye matope akaning'inia hapo. Nikamvuta. Hakuachilia. Mama, aliyekuwa kwenye mistari ya chai ya chini, alisimama akitutazama. Umeme ukamulika. Chelangat akasema moja. Mbili hakuifikia.

Nilipoamka nilikuwa nimelala juu ya majani chai, na dunia ilikuwa na upande mmoja tu wa kusikia. Blugamu ilikuwa imepasuka kutoka juu mpaka chini. Akinyi alikuwa pale kwenye mizizi, sweta bado kichwani. Sigei alishuka kwenye trekta mvua ilipokwisha. Kwenye mazishi ya Akinyi alisimama akasema ni mpango wa Mungu. Mwanangu, Mungu hakuwa nyapara siku hiyo. Nyapara alikuwa Sigei.

Jioni ya siku ile ya radi Kirui alikuja kutupa pole. Mama alikuwa bado na matope magotini. Akamwambia, "Chelangat anarudi shule."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Kirui alitazama mabati, akatafuta kofia yake, akatoka. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo na pamba sikioni, nikingoja mama aseme na jina langu. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Hakulisema.

Sasa wewe uko gredi ya nne, na jana umeniambia sayansi inakuchosha na hesabu ni za watu wa benki. Chelangat hakujua ni somo gani lingetakiwa siku ile. Alikuwa tu ameyabeba yote. Yabebe yote. Mkubwa akikuamuru kinyume cha unachojua, jibu kwa heshima, lakini miguu yako isiende. Na mtu akija kukutoa darasani, awe wa damu yako, awe hata mimi, mtaje jina lake kwa mwalimu, kwa chifu, kanisani, siku hiyo hiyo. Mimi nimemtaja Kirui wakati hana meno tena. Nimechelewa.

Mungu akuachie masikio yote mawili mpaka uzeeke. Mvua ya mchana ikukute darasani kila inaponyesha, na mkono wa kukutoa humo usipatikane tena katika nyumba yetu.