Muhuri Kiganjani

Karani ninayekaa naye meza moja hushughulikia fedha za msaada kwa vijana wenye ulemavu wanaomaliza shule, na hawezi kumwita mtu kabla hajajigonga muhuri kiganjani. Ati anajaribu wino. Jioni hurudi kwake na kiganja cha zambarau kilichojaa neno IMEKUBALIWA, na mumewe sijui humwelewaje. Sauti ya karani huyu ni ya kuuzia samaki, lakini akishamuuliza kijana swali hutulia kama maji mtungini, na ole wake mzazi atakayejibu.

Jana aliingia binti kwenye kiti cha magurudumu, ambaye maneno humchukua muda kutoka, akisukumwa na mama yake, ambaye ya kwake hayana breki.

“Haya mwanangu, pesa hizi utafanyia nini?”

“Cherehani!” mama akadakia.

“Mama, nimemuuliza mwenye shughuli.”

Tukasubiri. Karani aliegemeza kidevu mkononi, macho yakicheka utadhani anangoja penalti ipigwe.

“Bajaji,” binti akasema mwishowe. “Ya... breki ya mkono. Nibebe abiria.”

“Yarabi! Na nani atakubali kupanda?”

“Wewe.” Binti akavuta pumzi. “Utakaa nyuma. Kimya.”

Karani alicheka mpaka kopo la kalamu likapinduka. Aligonga muhuri kwenye fomu, kisha, mama akiwa bado kaduwaa, akamvuta mkono, akamkunjua vidole kimoja kimoja, akamgonga na yeye kiganjani: IMEKUBALIWA.