Mikono Aliyoipausha Fundi Jicho

Pale karakana ya viungo bandia, nyuma ya hospitali, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka, hakuna aliyemwita fundi wa rangi kwa jina lake. Aliitwa Jicho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichanganya rangi za silikoni, ule mpira laini wa kutengenezea ngozi bandia, kwa macho tu: tone la kahawia, tone la nyekundu, chembe ya bluu. Akishakoroga, aliubandika mchanganyiko kando ya ngozi ya mgonjwa na kusema kwa majigambo, "Haya, tafuta tofauti." Wengi hawakuiona. Au walinyamaza.

Ndiyo maana kipima rangi kilipoletwa, yeye ndiye aliyekicheka zaidi. Ni kidude cha kushika mkononi, mfano wa tochi nene. Unakigusisha kwenye ngozi, kinamulika mara moja, kinatoa namba: weupe kiasi gani, wekundu kiasi gani, umanjano kiasi gani.

"Mpishi hodari hapimi chumvi kwa mizani," alimwambia mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyependa mabishano. Mama akakitia kwenye droo. Kikalala humo miezi minne.

Aliyesababisha kitolewe ni karani wa posta, mwanamke aliyepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari. Jicho alikuwa amemtengenezea mkono mwezi uliopita, na kazi hiyo aliionea fahari: kucha, mishipa, hata mikunjo ya vidole. Asubuhi hiyo karani aliingia na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Nimekurudishia, fundi."

"Umechanika?"

"Haujachanika. Ila si wangu."

Akaufungua, akaulaza mezani, na mkono wake wa kulia akauweka pembeni yake. "Mimi nakaa dirishani. Watu wanautazama huu, wanautazama huu, halafu wananitazama usoni. Jana mmoja kaniuliza natumia mafuta gani ya kujichubua."

Jicho akacheka, akidhani ni mzaha. "Taa za humu zinadanganya kidogo, mama. Lakini si umetakata tu? Wenzako wangeshukuru."

"Washukuru nini?"

Mkuu wa kitengo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akatoa kipima rangi na kupima mikono yote miwili. Weupe wa ngozi ya karani: thelathini na nne. Wa mkono wa silikoni: arobaini na saba. Hata asiyejua chochote kuhusu namba hizo aliona kwamba hilo si kosa la tone moja.

Jicho akasingizia uzee. Mchana uleule akaenda kupimwa macho, na akajikuta akiomba moyoni aambiwe ana mtoto wa jicho. Daktari akamwambia macho yake mazima kabisa.

Mikono hiyo huchakaa baada ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo wateja wa zamani hurudi. Mkuu akaagiza kila anayerudi apimwe ngozi, na ilinganishwe na kipande cha sampuli ya silikoni yake kilichohifadhiwa kabatini, kwa kuwa mkono wenyewe hubadilika kwa jua. Baada ya wiki kadhaa Jicho alikaa na daftari peke yake. Wanaume saba: namba za ngozi na za sampuli zilishabihiana kama mapacha. Wanawake tisa: wanane walipewa mikono myeupe kuliko miili yao, na aliyekuwa mweusi zaidi ndiye aliyepaushwa zaidi.

Akalifunga daftari. Jicho lake halikukosea hata siku moja. Liliona sawasawa, kisha mkono ukaongeza tone la nyeupe, kwa huruma ambayo hakuna aliyeiomba. Na kuna mmoja ambaye hakuwamo daftarini.

Dada yake mkubwa alikatwa mkono na mashine ya kusaga nafaka, miaka minane nyuma, na Jicho ndiye aliyemtengenezea mwingine. Jumamosi akaenda kwake bila kutoa taarifa. Alimkuta uani akianika nguo, kigutu wazi, kibanio cha nguo mdomoni.

Dada akashtuka. "Ungesema unakuja! Ngoja nikavae mkono."

Alirudi ameuvaa, shati limeshuka hadi vidoleni. Jicho akaukunja ule mkono wa shati. Silikoni ilikuwa haina hata mkwaruzo.

"Dada, huu una miaka minane. Mbona mpya?"

"Nautunza."

"Dada."

Dada akaketi kwenye ngazi. "Nauvaa ukija wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mdogo wangu? Siku ile umenivalisha mwenyewe, machozi yanakutoka, unasema, 'Sasa umependeza.' Nikajua kumbe miaka yote ile sikuwa nimependeza."

Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze. Akatoa kipima rangi mfukoni. Dada akanyoosha mkono wake mzima.

"Pima. Safari hii nitengeneze mimi, si mtu mwingine."

Jumatatu alimweleza mkuu wa kitengo kila kitu. Mama hakumfariji. "Waite wote uliowapausha," alisema tu. Karani alipewa mkono wake mpya, akautazama nje kwenye mwanga, akasema, "Ndio huu," akaondoka bila kutabasamu. Jicho aliona kuwa karani ana haki.

Baadhi ya wengine walikuja, baadhi hawakujibu. Wa mwisho kuja alikuwa mshona nguo aliyevaa mkono wa Jicho tangu ujana wake. Alikataa kupimwa.

"Nifanyie uleule mweupe, fundi."

"Mama, rangi yako ni nzuri…"

"Leo ndiyo unaniambia?" Hakuwa na hasira, alishangaa kweli. "Wewe ndiye uliyenizoesha huu. Sasa mimi nimeupenda, wewe umeuchoka?"

Jicho hakuwa na uso wa kumpinga. Akachukua daftari, akaandika namba ya ule mkono mweupe, kama alivyotaka mama, kwa kuwa mkono ni wake. Kisha akachanganya rangi ameinamisha kichwa, na hakukiinua hadi mama yule alipotoka.