Boksi la Pili

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo uso unapata joto, hata nikiwa peke yangu humu ndani na kiyoyozi kinavuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hema la futari ya bure kule mtaa wa International City, nimevaa kizibao kipya cha njano, nikiwakatalia watu chakula kwa sauti kubwa. Na nilichokuwa nawakatalia ndicho nilichokuwa nikikifanya mwenyewe kila siku. Keti vizuri nikusimulie, na hiyo chai usiiache ipoe.

Umeniletea habari kwamba umeteuliwa kwenye kamati ya wakaazi, hizi za kujitolea zinazoishauri ofisi ya mtaa juu ya mazingira. Nimefurahi, kwa kuwa ni heshima. Nimeogopa pia, kwa kuwa nami niliwahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo nikiwa kijana kama wewe, na heshima yake ikanilevya. Watu hapa mtaani Naif wananiona nafungasha mizigo ya kwenda Dar na Mombasa, wananiita mama mwenye busara. Wangejua! Nusu ya hiyo busara ni aibu ya zamani tu.

Enzi hizo nilikuwa nauza manukato dukani. Asubuhi napaka rangi ya midomo, navaa viatu vya kisigino, naongea Kiingereza na watalii mpaka taya linauma. Ukiniona njiani ungesema huyu ana nyumba yake na gari lake. Kumbe nalala kitanda cha kupanga, chumba kimoja wanawake wanne, vitanda vya kupandana, kila mmoja na kijipazia chake. Sebule hatukuwa nayo, maana sebule yenyewe ilikuwa imepangishwa watu wengine.

Kitanda cha chini yangu alilala Prossy. Mganda, Mkristo wa kwenda kanisani kila Ijumaa, maana huku ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, askari wa mlangoni kwenye jengo la maofisi. Nilipofika mji huu sijui hata basi la kunifikisha kwenye treni ya metro, yeye ndiye aliyenishika mkono. Nilipougua homa yeye ndiye aliyenipikia uji, na uji wenyewe ulikuwa mzito kama ugali, nikaunywa hivyo hivyo. Kwetu Tanga mtu wa namna hiyo huitwi rafiki yake, unaitwa ndugu yake.

Ramadhani ilipoingia, Prossy alipata taabu kuliko sisi tuliofunga. Mchana kutwa yuko mlangoni amesimama, kula mbele ya watu hawezi, na mapumziko yake mafupi. Tena mwezi huo kampuni yao ilikuwa imechelewesha mishahara. Basi la kampuni likimrudisha, magharibi imeshapita zamani na hema la futari limeshafungwa. Kwa hiyo mimi nikawa nachukua maboksi mawili ya wali. Moja nafuturu nalo pale pale mkekani, la pili nalibeba mkononi nampelekea. Alikuwa analila ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, na kila siku ananibakizia kipande cha nyama nami nakikataa, tunabishana mpaka mmoja wetu anacheka.

Wala sikuwa peke yangu. Karibu foleni nzima ilikuwa hivyo. Wapanda pikipiki za kupeleka vyakula, wafagiaji, wapishi wa mahotelini, kila mmoja alikuwa na mwenzake aliye kazini muda wa kufuturu. Wenye hema walijua, na walitoa kwa moyo mweupe.

Sasa hiyo kamati. Niliingia kwa kunyoosha mkono kwenye mkutano wa wakaazi, nikalalamikia mapipa ya taka yanayofurika karibu na ngazi zetu. Ofisi ikapenda, ikaniita. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kiarabu, mtu mpole, tukimwita sir. Alikuwepo injinia mmoja wa Kihindi aliyeandika kila kinachosemwa, na wengine wachache, na Bi Zuwena. Huyu alikuwa mama mtu mzima, Mzanzibari ambaye watu wake walihamia huku zamani. Kiarabu chake cha hapa hapa, lakini akigeuka kwangu ananimiminia Kiunguja kitupu.

Mimi nikajiona nimefika. Nikiongea pale nasema "nyumbani kwangu," "sebuleni kwangu." Hakuna aliyeniuliza, nilijisemea tu. Niliamini kabisa kwamba wameniita kwa sababu ya Kiingereza changu na viatu vyangu.

Kikao cha wiki ya kwanza ya Ramadhani kilikuwa juu ya chakula kinachotupwa. Wafanyakazi wa usafi walikuwa wamekuta wali mwingi kwenye mapipa, na ofisi ilitaka kamati ishauri la kufanya. Mwenyekiti akasema wameona watu wengi wanabeba maboksi mawili. Kisha akanigeukia.

"Rehema, wewe unaishi kule. Kwa nini wanachukua mawili?"

Wote wakanitazama. Mwanangu, jibu nilikuwa nalo, halikuhitaji hata kufikiriwa. Jana yake tu nilikuwa nimebeba boksi la Prossy likaniunguza kiganja. Lakini nikisema hivyo watajua kwamba nami napanga foleni kwenye mkeka na wafagiaji. Watajua sina sebule wala mlango wangu. Nikaona haya. Nikakunja mguu, nikatabasamu.

"Ni uroho tu, sir," nikasema. "Wakifika nyumbani wanatupa."

Injinia akaandika. Bi Zuwena akanitazama kwa muda, akashusha macho kwenye karatasi zake. Kamati ikashauri kila mtu apewe boksi moja na alile pale pale, asitoke nalo. Ofisi ikakubali kabla wiki haijaisha. Mwenyekiti akanishukuru mbele ya watu, na nikapewa kile kizibao ili nisimamie foleni.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya Prossy alirudi, akafungua friji, akaifunga.

"Wamebadilisha utaratibu," nikamwambia kutoka kitandani kwangu, pazia nimelivuta. "Boksi moja tu sasa."

"Banange," akasema, ndiyo "jamani" ya kwao. "Basi, si makosa yako, dada. Umenilisha siku nyingi."

Akachemsha chai, akala na mkate mkavu. Nilisikia anavyotafuna. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale, nikajigeuza ukutani nikajifanya nasinzia. Na siku iliyofuata nikafanya hivyo hivyo.

Kisha ikaja ile siku. Prossy alipewa mapumziko, akaamua kuja hemani mwenyewe, maana pale hawamuulizi mtu dini yake. Sikumwona. Nilikuwa nashughulika na kijana wa Kikenya, mpanda pikipiki, kofia yake ya chuma kwapani.

"Siz, niongezee ingine," alikuwa ananisihi. "Roomie wangu ako job, atarudi kama mmefunga."

"Hapana! Mtu mmoja boksi moja," nikasema, na kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amesimama si mbali, nikapandisha sauti. "Acheni uroho! Mnabeba mawili mawili halafu mnakwenda kutupa. Yalla, sogea!"

Kijana akasogea. Nyuma yake alikuwa Prossy.

Sijui nikueleze vipi alivyonitazama. Hakukasirika. Alikitazama kizibao, akanitazama usoni, na nikaona anapiga hesabu yake, anaelewa utaratibu ule umetoka wapi. Nikanyoosha mkono kumpa boksi. Hakulipokea. Akatoka kwenye foleni taratibu, akaenda zake.

Bi Zuwena aliliona lote. Adhana ilipolia na watu wakaanza kula, akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya hema, penye madebe ya maji, akanipa tende.

"Kula kwanza," akasema. "Sitaki kumsema mtu na saumu yake."

Nikala.

"Mie najua unapolala, mwanangu. Siku ile nilokuteremsha kwa gari, dirisha lenu li wazi, vitanda vyaonekana hata barabarani. Haya ya nini? Wewe hukwitwa pale kwa Kiingereza chako. Wasemao Kiingereza wamejaa mji huu. Umekwitwa kwa kuwa walala kule. Hicho ndicho ulichokuwa nacho peke yako, nacho ndicho ulichokificha."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Na mie nina kosa," akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Nilijua siku ile ile kuwa si kweli, nikanyamaza, nikingoja useme mwenyewe. Nimekuonea haya wewe, na watu wamekosa chakula. Basi twende tukaseme sote wawili."

Kikao kilichofuata nilisimama bila viatu vya kisigino. Nikawaambia mimi ndiye ninayechukua boksi la pili, na ninayempelekea hulila lote. Nikawaambia hao niliowaita waroho wote wana wenzao kazini, na kwamba sikumuuliza hata mmoja wao. Bi Zuwena naye akasema lake.

Injinia ndiye aliyenichoma zaidi, na wala hakukusudia. "Niliandika ulichosema," akasema polepole, "kwa sababu wewe ndiye unayeishi kule. Mimi ningejuaje?"

"Kwa nini hukutuambia mwanzo?" mwenyekiti akauliza.

"Niliona haya, sir."

Akatikisa kichwa. "Khalas," akasema. "Sasa tusaidie kurekebisha." Kamati ikashauri iwekwe meza pembeni ya hema, anayemchukulia mwenzake aliye kazini achukue bila kuulizwa maswali. Wali uliokuwa ukitupwa tukaja kugundua ni ule uliobaki hemani siku ambazo wafadhili wengi walileta pamoja, ukalala hapo ukachacha. Mtu angejisumbua kwenda kutazama, angeliona hilo mapema. Hakuna aliyetazama, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshawapa jibu.

Unaona nimepumua, eh? Nami nilipumua. Nilidhani yamekwisha.

Jioni ya kwanza ya meza ile nilichukua boksi la pili nikakimbia nalo nyumbani. Prossy aliporudi nikashuka kitandani, nikamwekea mbele yake, nikamwomba radhi. Nilimwambia kila kitu, kikao cha kwanza mpaka cha mwisho. Alinisikiliza akivua viatu vyake vya kazi, miguu imevimba.

"Nimekusamehe, dada," akasema. "Ni kweli nimekusamehe. Lakini mimi sikukuomba chakula, hata siku moja. Wewe ndiye ulikuwa unaleta."

"Najua. Kula basi."

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba, mwanangu. Nilimsikia akinywa maji, akinywa tena, kisha akavuta pazia. Kesho yake nikaleta tena, akasema ameshiba. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakuninunia, usidhani. Alinisalimia, alinichekea, aliniuliza habari za kazi. Chakula cha mkono wangu tu ndicho hakikumpita tena kooni, na nilimwelewa. Unawezaje kula cha mtu aliyekuita mroho mbele ya foleni?

Maboksi yakajaa kwenye friji. Wenzetu wawili wa chumbani wakalalamika harufu. Asubuhi moja nikayatoa, nikashuka nayo ngazi mpaka kwenye yale mapipa niliyoyalalamikia siku nilipochaguliwa. Nikafungua moja baada ya jingine, nikamwaga wali. Ndipo nikakumbuka maneno yangu mwenyewe, kwamba wanabeba mawili halafu wanakwenda kutupa. Katika watu wote niliowajua kule, aliyefanya hivyo nilikuwa mimi. Nilikaa pale karibu na mapipa nikalia mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa.

Baada ya Idi kampuni ilimhamishia Prossy mtaa wa Muhaisnah, kwenye majengo yao. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye basi. Akanikumbatia, akanitakia heri. Sikumwona tena.

Basi sikiliza, mwanangu, kisha nikuache uende, usije ukakosa basi lako. Ukiingia kwenye hicho kikao, siku ya kwanza kabisa, waambie unakolala. Waambie mko wangapi chumbani, nani anapika saa ngapi, maji yenu yanakatika lini, na kwamba anayechukua boksi la pili ni wewe. Ukishasema hayo mwanzoni hutakuwa na cha kuficha, na mtu asiye na cha kuficha haongopi kirahisi. Usiseme "watu wa kule" wakati na wewe ni wa kule. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema ngoja nikawaulize, halafu uende kweli ukaulize, usijiulize mwenyewe kitandani. Na ukiteleza, maana utateleza, usilaze kosa hata usiku mmoja. Kamati inaweza kubadilisha ushauri wake kikao kinachofuata. Mtu uliyemuumiza hana kikao kinachofuata.

Lete mkono wako. Mungu akufungulie kinywa pale ambapo mimi nilikifunga. Akupe moyo wa kujulikana ulivyo, na akukinge na kiti kitakachokusahaulisha mkeka ulioinuka kutoka juu yake. Akujaalie kila siku uwe na mtu wa kumbebea boksi la pili, na ukimfikishia, mwanangu, alipokee.